Kamba Iliyoonja Moto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake za shule, Eveline aliosha gari la zahanati. Mama yake, Yusta, ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo, Landikruza nyeupe ya kanisa iliyowabeba wagonjwa kutoka vijiji vya milimani hadi barabara kuu pale Nyololo, na kutoka hapo hadi hospitalini. Walikuwepo wanaume kijijini waliosema kwamba mwanamke hataiweza njia ile wakati wa mvua. Walisema hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, gari lile lile lilipowabeba wake zao, walinyamaza.

Eveline alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Alisugua matope kwenye magurudumu huku mama akipima oili na maji. Mwisho kabisa mama aliuliza swali lake la kila wiki.

"Kamba?"

"Iko sawa, Mama."

Kamba hiyo ilikuwa ya winchi, mashine iliyofungwa mbele ya gari. Gari likikwama, kamba huvutwa na kufungwa kwenye mti, kisha winchi huizungusha taratibu mpaka gari lijitoe lenyewe kwenye tope. Bila winchi, dereva wa njia ile angebaki kuomba Mungu na kusubiri trekta.

Waliichagua pamoja mwezi wa Juni, shule zilipofungwa. Winchi ya zamani ilikuwa imekufa, wakaenda watatu mjini Mbeya kwa fundi Andendekisye: Yusta, Eveline, na mjomba Aroni, mdogo wake Yusta, aliyekuwa muuguzi wa zahanati na aliyefuatana na wagonjwa safarini.

"Gari likijaa watu na mizigo lina uzito gani?" fundi aliuliza.

"Kama tani tatu," Yusta alijibu.

"Basi usichukue winchi ya tani tatu, dada. Tope linashika gari kama mtoto anavyoshika sketi ya mama yake. Chukua ya tani nne na nusu. Sasa niambie, unataka waya wa chuma au kamba ya nyuzi?"

"Waya!" Aroni aliwahi kujibu. "Kamba ni ya kufungia mbuzi."

Fundi akacheka. Akaweka mikononi mwa Eveline kamba ya rangi ya machungwa, nene kama kidole gumba, nyepesi ajabu. "Hii inabeba uzito kama waya wa unene huo huo, au zaidi. Shida za waya mnazijua."

Yusta alifungua viganja vyake, na makovu yakaonekana. Waya wa zamani ulikuwa umechanika nyuzi nyuzi, na kila safari ulimchoma kama miba.

"Mama, tuchukue kamba," Eveline alisema. "Waya ulipokatika mwaka jana uliruka ukavunja taa. Je, kama pale pangekuwa na mtu?"

"Taa ni taa, tulibadilisha," Aroni alisema.

"Mguu haubadilishwi, Mjomba."

Hapo hata mafundi waliokuwa chini ya gari jingine walicheka, na Aroni akanuna. Lakini fundi Andendekisye aliacha kucheka mapema kuliko wenzake. "Nisikilize vizuri, binti. Kamba hii ikikatika hairuki kwa ukali kama waya, ingawa bado si ya kusimama karibu nayo. Ila waya huvumilia kuonewa, kamba haivumilii. Haipendi mwamba wenye makali, haipendi mchanga, na zaidi ya yote haipendi moto. Nyuzi zake zikipata joto zinayeyuka, na mahali hapo nguvu inakwisha. Anayeichagua lazima aikague kila wiki, mita kwa mita."

"Mkaguzi ninaye," Yusta alisema, akamwekea Eveline mkono begani.

Fundi alibadilisha pia mdomo wa chuma ambamo kamba hupita mbele ya gari, kwa sababu waya wa zamani ulikuwa umeuchimba mikwaruzo ambayo ingeikata kamba. Kisha akawafundisha mama na binti kutengeneza kitanzi upya kamba inapokatwa, kwa kuingiza ncha ndani ya kamba yenyewe kwa kutumia ganda la kalamu nene. Eveline, mwenye vidole vyembamba, alifaulu mara ya kwanza. "Ndaga fijo," fundi alimshukuru kwa Kinyakyusa, kana kwamba yeye ndiye aliyesaidiwa. Njiani kurudi nyumbani, Aroni aliubeba mnuno wake hadi Makambako. "Siku kamba hiyo ikiwasaliti msinililie," alisema.

Tatizo lilianza mwezi wa Septemba.

Siku hiyo bibi yake Eveline alikuwa na mgowe, kazi ya pamoja ya majirani, katika vinyungu vyake, zile bustani za bondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi. Wanawake walikusanya majani makavu katika mafungu, wakayafukia kwa udongo na kuyawasha yaungue polepole kwa ndani, kama ilivyo desturi yao. Gogo la mkaratusi lilikuwa limeziba mfereji, na kamba ya katani waliyokuwa nayo ilikatika mara mbili.

Eveline akakumbuka kamba ya winchi. Asubuhi hiyo mama aliitoa kwenye gari, akaiosha na kuianika kivulini, kisha akaenda kwenye kikao cha kanisa. Eveline alikimbia kuichukua bila kumwambia mtu. Wanawake kumi na wawili wakavuta, gogo likatoka, bibi akamwita mjukuu wa dhahabu mbele ya watu wote. Utamu wa sifa ulimfanya asitazame kamba imelala wapi.

Ilikuwa imelala juu ya fungu moja la udongo. Kwa nje fungu lilionekana limepoa, lakini chini ya udongo moto ulikuwa bado unakula majani. Eveline alipoinua kamba aliona mahali pamoja, urefu wa kiganja, pamekuwa pagumu na pa kung'aa kama nta ya mshumaa. Akapaka matope mekundu mahali hapo, akajitolea jioni ile kuirudisha mwenyewe kwenye winchi, akahakikisha sehemu mbaya imefunikwa na mizunguko mingine.

Angesema nini? Yeye ndiye aliyeitetea kamba. Mjomba angecheka mpaka Krismasi. Na mama, ambaye alimwita mkaguzi wake mbele ya fundi, angemtazama vipi? Eveline alijiambia kwamba pengine pameungua juu juu tu. Kisha Jumamosi ikafika, mama akauliza, "Kamba?" naye akajibu, "Iko sawa." Mara ya kwanza alijibu akiwa ameinamia gurudumu. Jumamosi ya nne jibu lilitoka lenyewe. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba uongo ulikuwa umekuwa mwepesi.

Mvua zilianza Novemba. Jumamosi moja, saa nane mchana, jirani yao Apolonia alishikwa na uchungu wa kujifungua, na Aroni alipompima alisema kwa sauti ya chini, "Mtoto amekaa vibaya. Hospitali, sasa hivi." Mume wa Apolonia alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai, hivyo Eveline aliambiwa apande gari ashike mkoba na mwavuli.

Kwenye mteremko wa kijito gari liliteleza. Yusta aliushika usukani kwa nguvu, lakini magurudumu ya kushoto yaliingia mtaroni na gari likainama. Hatua chache chini yake palikuwa na korongo. Walimshusha Apolonia taratibu wakamketisha ukingoni chini ya mwavuli. Alikuwa ameuma kanga yake ili asipige kelele.

Aroni alichukua ndoano ya kamba, akapanda hadi kwenye msindano mnene, akaufunga mti kwa mkanda na kuitia ndoano humo. Kamba ikanyooka juu ya matope. Yusta alishika kitufe cha winchi, na kwa mazoea tu, bila hata kugeuka, akauliza:

"Kamba?"

Eveline alifungua mdomo. Jibu lile la kila wiki lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alimtazama mjomba wake, aliyesimama karibu na kamba akisubiri winchi ianze kuvuta. Akamtazama Apolonia.

"Haiko sawa, Mama," alisema. "Imeungua. Tangu Septemba. Niliipeleka kwenye vinyungu vya bibi, nikaiweka juu ya moto bila kujua. Nilikuwa nakudanganya kila Jumamosi."

Mama aliachia kitufe. Hakupiga kelele, na Eveline alitamani angepiga. Aroni alishuka, akaipitisha kamba mkononi mpaka vidole vyake vikafika mahali pagumu, mita tisa kutoka kwenye ndoano. Akaikunja kidogo. Nyuzi kadhaa zikavunjika kwa mlio mdogo, kama njiti za kiberiti. Aroni aliziangalia, kisha akaangalia pale alipokuwa amesimama.

"Yusta," alisema polepole, "hapa ndipo ingekatika."

"Nipe kisu," Yusta alisema.

Alikata kamba upande wa winchi, kidogo kabla ya sehemu iliyoungua. Kisha akaangalia mikono yake mwenyewe yenye makovu, akamgeukia binti yake. "Kitanzi. Kama fundi alivyotufundisha. Usiharakishe."

Eveline alichukua ganda la kalamu kwenye kisanduku cha vifaa. Machozi yalichanganyika na mvua, akayafuta kwa bega na kuendelea. Aliingiza ncha ndani ya kamba, akaisukuma hadi mwisho, akavuta, akapima kwa mkono kama imezama vya kutosha. Mama aliikagua kidole kwa kidole. Kamba sasa ilikuwa fupi, na iliufikia mkanda wa mti kwa shida, lakini mizunguko kumi ilibaki kwenye winchi kama inavyotakiwa. Aroni alitupa koti lake juu ya kamba ili kuizuia isiruke ikikatika, wote wakasogea mbali, na Yusta akabonyeza kitufe.

Winchi ililia. Gari likatikisika, likanyanyuka upande mmoja, likapanda barabarani polepole kama mzee anayetoka kitandani.

Walifika hospitalini kabla ya jua kuzama. Daktari alimpasua Apolonia bila kuchelewa, na kabla ya saa mbili usiku Aroni alitoka akitabasamu. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Asubuhi yake walianza safari ya kurudi. Walipoiacha lami, Aroni ndiye aliyeanza kuzungumza. "Nakiri jambo moja. Waya usingeungua kwa moto wa vinyungu. Lakini waya usingetengenezwa pale kwenye matope kwa ganda la kalamu. Fundi alichagua vizuri."

"Fundi hakuchagua," Yusta alisema. "Eveline ndiye aliyechagua." Alisimamisha gari kando ya barabara, akamgeukia binti yake. "Kamba kuungua si kosa kubwa, mwanangu. Ulitaka kumsaidia bibi yako, na ungeniambia jioni ile tungeikata na kucheka. Mimi nilipokuwa nakuuliza kila wiki, nilikuwa naazima macho yako. Kwa jibu lako niliwapakia watu garini, nikawapeleka kwenye korongo. Kosa likisemwa mapema linatengenezeka. Ukilificha, anayekuja kuumia ni mtu ambaye hata hajui kwamba kuna kosa. Jana uliona aibu, lakini ulisema, na watu wako hai. Kuanzia leo, aibu isikuzuie tena."

"Nisamehe, Mama. Na wewe, Mjomba."

"Nimekusamehe," Aroni alisema. "Koti langu je, nani atalifua?"

Jumamosi iliyofuata Eveline alimaliza kufua koti la mjomba na kuosha magurudumu. Mama alikuwa ameinama kwenye injini.

"Kamba?" aliuliza.

"Bado sijajua, Mama. Ngoja nikaiangalie."

Akaivuta kutoka kwenye winchi hadi mwisho wake, akaanza kuipapasa, mita kwa mita.