Kitana cha Mama Verla

Kitu cha kwanza kuombwa kilikuwa kitana.

Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo kisiwa chetu chote kimelala na hata mbwa hawana habari na mtu. Mama Verla alikuwa jikoni akichekecha unga, akasikia mtu anakohoa nje ya mlango wa nyuma, mara mbili, kikohozi cha adabu. Kupitia wavu wa mbu akaona mwanamke ameipa nyumba mgongo. Nywele zilimfika magotini na zilikuwa zinadondosha maji. Mvua ilikuwa na wiki tano haijanyesha.

"Naomba kitana," alisema yule mwanamke, wala hakugeuka.

Mama Verla akachukua kitana chake cha kila siku, akakipitisha kwenye upenyo wa mlango. Mkono uliokipokea ulikuwa wa baridi, na jikoni kukabaki harufu ya magimbi yaliyoozea shimoni. Alipochungulia hakuona mtu. Mchangani palikuwa na nyayo za kuja, za kuondoka hamna. Akajiambia ni macho ya uzee tu, akarudi kwenye unga wake.

Sisi watu wa Kiribati, mtu akikuomba humnyimi. Akitaka baiskeli yako, unashuka unampa. Kesho na wewe unakwenda kwake kuomba nguruwe, na yeye hafungui mdomo kulalamika. Ndivyo tunavyoishi, na hakuna anayeona ajabu.

Mama Verla na mumewe, Mzee Lowell, walikuwa wamisionari wa umri wa miaka sabini na kitu, wafugaji wastaafu wa ng'ombe wa maziwa kutoka bonde moja la baridi huko Marekani. Kanisa lao liliwatuma kwetu kwa miezi kumi na minane. Desturi yetu walifundishwa wiki ya kwanza, wakaipenda mno, lakini waliishika nusu. Walitoa misumari, walitoa sukari, dawa ya macho, mikate. Kuomba, hata siku moja.

Jirani yao Nei Rotia, mwanamke mcheshi asiyejua kunong'ona, alikuwa akimtania Mama Verla kila asubuhi wakiwa uani.

"Mama, niombe basi hata limau. Unanifanya nionekane maskini."

"Sisi tumekuja kutoa, Rotia, si kupokea."

"Kinachotoa tu bila kuomba ni mnazi, Mama. Na mnazi kila mtu anaukwea."

Mama Verla alicheka mpaka akafuta machozi.

Mchana wa pili yule mwanamke aliomba kofia ya Mzee Lowell, akapewa. Mchana wa tatu, aliyekwenda mlangoni alikuwa Mzee mwenyewe.

"Naomba usingizi wako," alisema yule mwanamke kwa upole.

Mzee alipenda utani. "Chukua wote, mama. Nina mwingi."

Tangu hapo hakulala tena, usiku wala mchana. Alikaa kitandani macho wazi, akisikia kitana kikipita kwenye nywele ndefu upande wa pili wa ukuta, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Siku chache baadaye aliombwa sauti ya kuimbia, akatoa kwa mazoea. Jumapili alisimama kanisani kuongoza wimbo, akafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Watoto walicheka. Sisi watu wazima tuliangalia chini.

Muhula wao ulikuwa unaisha. Ndege ya kwenda makao makuu, Tarawa, hushuka kwetu kila Jumanne, saa saba ikipita kidogo. Binti yao alikuwa akiwasubiri kwao, na mizigo ilikwisha kufungwa. Ijumaa ile, saa saba, Mama Verla akiwa chumbani alisikia kikohozi, kisha ile sauti ya upole.

"Naomba njia yako ya kurudi kwenu."

Alitaka kupiga kelele, lakini Mzee Lowell, ambaye alikuwa na siku kumi na moja hajalala, alishajibu. "Chukua," alisema, akakaa sakafuni kama mtu aliyetua mzigo.

Jumamosi waliamua kwenda uwanja wa ndege mapema, wakalale hukohuko kwenye kibanda cha abiria. Kisiwa chetu ni chembamba na barabara ni moja, bahari kushoto na bahari kulia, mtu hawezi kupotea hata akitaka. Mama Verla alimshika mumewe mkono wakatembea katikati ya minazi na mikadi, na kadiri walivyokwenda alisikia mkono ule ukipungua uzito, akaogopa kugeuka, akaendelea kuzungumza naye habari za binti yao na theluji na ng'ombe waliowauza, akazungumza mpaka sauti ikamkauka, na alipofika uwanjani akajikuta ameshika shati la mumewe, limefungwa vifungo vyote, ndani hamna mtu. Alirudi mbio. Mzee alikuwa amesimama mlango wa nyuma wa nyumba yao, kifua wazi, anatetemeka juani.

"Verla," alinong'ona, "mbona umeniacha?"

Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu walipakia kwenye lori la Nei Rotia, Mzee katikati yao, na lilipofika uwanjani kiti cha katikati kilikuwa na maji tu.

Nei Rotia akazima gari. "Mama," alisema chini chini, yeye ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika hadi ng'ambo, "huyo anayekuja mchana, mmempa vitu vingapi?"

"Vitano."

"Na nyinyi mmemwomba nini?"

"Hatujaomba kitu."

Nei Rotia alifunika uso. "Basi anaona mali yote ni yake. Mwombe, Mama. Jini yule ni wa hapa, desturi inamfunga kama inavyotufunga sisi. Hawezi kukunyima. Lakini akikupa, na yeye atakuomba, na wewe hutaweza kumnyima."

Mama Verla hakuuliza ataombwa nini. Mumewe alikuwa anakwisha mbele ya macho yake, na hakuwa na Jumanne nyingine ya kungojea.

Jumanne saa saba alisimama mlangoni peke yake. Nje, Mzee Lowell alikuwa ameketishwa kwenye lori, na Nei Rotia ameshika usukani. Kikohozi kikaja, mara mbili.

"Mimi ndiye ninayeomba leo," Mama Verla alisema, na midomo ilikuwa mizito kwa neno hilo. "Naomba njia ya mume wangu. Na usingizi wake."

Kwa mara ya kwanza yule mwanamke aligeuka. Mama Verla alikuwa amejiandaa kuona kitu kibaya, na alichoona ni uso wa mama mtu mzima, uliochoka kwa kungoja.

"Chukua," alisema. "Na mimi naomba njia yako."

Angeweza kuiomba tena. Lakini angeombwa tena, naye aombe, na hivyo hadi jioni, na ndege haingoji mtu. Aliisikia ikizunguka juu ya mwamba.

"Chukua," alisema Mama Verla.

Nei Rotia alimfikisha Mzee Lowell uwanjani mzima mzima. Alipopanda ndege, kando yake alikaa mwanamke aliyevaa gauni la Mama Verla, na mkoba wa Mama Verla, nywele ndefu zimechanwa vizuri zikafungwa juu. Nei Rotia alitaka kuita, ulimi ukakataa. Mzee alilaza kichwa kwenye bega lile na kulala kabla magurudumu hayajaachana na ardhi. Wakati huo Mama Verla alikuwa barabarani anakimbia, na kila alipokimbia alifika mlango wake wa nyuma.

Mwaka uliofuata ilikuja kadi ya Mzee, ina majina yao wote wawili. Analala vizuri, aliandika, ila Verla siku hizi anaomba-omba sana.

Imepita miaka kumi na mmoja. Mwili wa Mama Verla hakuna aliyeuona, lakini saa saba mchana tunasikia unga ukichekechwa, na Jumanne tunakuta mkate wa moto kila kizingiti. Tulijua alichoweza kufanya. Angemwomba yeyote kati yetu njia yake, angepewa. Hakuomba. Tulimpenda kwa hilo na tulilala vibaya kwa hilo hilo.

Mwezi uliopita wamehamia wamisionari wengine wazee katika nyumba ile. Jana mama mwenyewe, Darlene, alimsimulia Nei Rotia uani kwamba kuna mama alipita mchana, mikono ina unga, akasimama kuipa nyumba mgongo, akakohoa mara mbili.

"Ameomba nini?" Nei Rotia alinong'ona.

"Kitana tu."

"Na wewe umemwomba nini?"

Mama Darlene akacheka. "Mimi? Sisi tumekuja kutoa, Rotia."