Maandishi ya Kijani

Kwaru, kwaru, kwaru. Ufagio wa jirani yao, Bibi Adelfina, ulisikika gizani kabla jogoo hajawika. Ndio uliomwamsha Keza kila siku kwenda kuchota maji. Lakini leo Jumamosi ufagio ulikuwa umemaliza ua, ukashuka hadi njiani. Keza alijifunika gubigubi. Alijua bibi anamfagilia nani.

Wiki ile kaka yake Keza, Renatus, alikuja kijijini kwao Nyamiaga na kompyuta ya chuoni. Ilikuwa na programu ya mchezo: ukibonyeza herufi yoyote, kioo cheusi hujaa maandishi ya kijani yanayokimbia, kama ya wadukuzi wa kwenye sinema. Mwishoni hutokea neno IMEFUNGUKA, na hakuna kilichofunguka.

"Mimi naingia kwenye mitandao yote ya simu!" Keza aliwatambia wenzake.

"Wewe?" Ntwari alimcheka. "Hata redio ya kwenu inakushinda!"

Zita, mjukuu wa Bibi Adelfina, hakucheka. Mama yake alikwenda Biharamulo kutafuta kibarua, na tangu mavuno ya maharage simu yake ilikuwa kimya.

"Nitafutie mama," alisema.

Wote walimtazama Keza. Akabonyeza, maandishi yakakimbia.

"Nimempata. Anakuja Jumamosi kwa basi."

Keza alipotoka na ndoo yake, kulikuwa kumepambazuka. Zita alisimama njiani amevaa gauni lake la Komunyo, miguu ikimeremeta mafuta.

"Shikamoo, bibi," Keza alimwamkia Bibi Adelfina kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki! Nimempikia mama Zita ndizi. Anazipenda zikiwa rojorojo."

Keza aliacha ndoo palepale, akakimbilia jikoni kwa mama yake. Alisema yote huku akilia.

Mama aliacha kupuliza moto. Hakumpiga. Naye alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ulitaka sifa tu, mwanangu, lakini mwenzako alikupa moyo wake wote. Uongo unaompa mtu tumaini humrudishia msiba upya. Kila dakika anayongoja pale unazidi kumuumiza. Ukishasema ukweli, nitampeleka bibi polisi akatoe taarifa, na shangazi yako Jovitha ataulizia kulekule Biharamulo. Mtu hutafutwa hivyo."

Walitoka wameshikana mikono. Mbali, honi ya basi ililia, na Zita akasimama kwa ncha za vidole vya miguu.

Keza alimshika mkono.

"Zita, sijui mama yako yuko wapi."