Insha ya Mtoto Njiti

Sebule yetu ndiyo duka la binti yangu, fundi cherehani. Jioni ile mjukuu wangu alirudi kutoka chuoni, akaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

"Bibi, insha yangu imerudishwa. Mwalimu anasema nimeiba."

"Umeiba nini, mke mwenzangu?"

"Maneno ya kitabu. Lakini sikunakili! Nilibadilisha neno hapa na pale. Nisipoiandika upya kufikia Ijumaa, nimefeli somo."

Anasomea uuguzi. Insha ilihusu watoto njiti, wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia, na yeye mwenyewe alizaliwa njiti.

Mama yake alisimamisha cherehani. "Kwa hiyo umebadilisha vifungo, ukasema gauni umeshona wewe?"

"Mama!"

Jirani yetu, mkutubi wa chuo, alikuwa amefuata sketi yake. Hakumcheka. Alivua viatu, akaketi naye sakafuni, akaomba kuiona insha.

"Wazo hili umelipata wapi?"

"Kitabuni."

"Basi sema. Ukichukua maneno ya mwandishi kama yalivyo, yatie ndani ya alama za kunukuu, kisha mtaje yeye, mwaka na ukurasa. Ukieleza wazo lake kwa maneno yako, alama hazihitajiki, lakini yeye bado anatajwa. Mwishoni unaorodhesha vyanzo vyote."

"Nikiwataja wote hao, mwalimu si ataona sina langu?"

"Ataona umesoma. Lako ni lile unalosema baada ya kuwasikiliza. Hebu funga kitabu, unieleze ulichoelewa."

Alianza kwa kusitasita. Punde mikono yake ikaanza kusema pia: jinsi joto la kifua linavyomsaidia mtoto, ngozi kwa ngozi.

"Andika hivyo hivyo," jirani alisema. "Halafu fungua kitabu, uhakikishe hujapotosha wala hujarudia sentensi zake. Na huyu mtoto aliyefungwa kifuani kwa shuka kuukuu, umemtoa kitabu gani?"

Mjukuu alininyooshea kidole. "Kwa bibi. Mtoto mwenyewe ni mimi. Mama alikuwa mgonjwa."

"Basi bibi naye ni chanzo. Muombe ruhusa, umtaje."

"Bibi, unaniruhusu?"

"Ruksa. Ila uandike kwamba nilikuwa mrembo."

"Hilo tafuta chanzo kingine," binti yangu alisema, akiendelea kushona. Tulicheka hadi jirani akasahau sketi yake.

Mjukuu aliandika upya insha nzima, akaiwasilisha Alhamisi. Wiki iliyofuata alikuja mbio, karatasi mkononi. Amefaulu, na vizuri.

"Soma hapa, bibi."

Nilisoma kwa kidole, polepole. Kwenye orodha ya vyanzo, kati ya daktari na profesa, palikuwa na jina langu lote, bila kukosewa hata herufi. Mbele yake aliandika: mahojiano, nyumbani.

Nilirudia kulisoma. Kisha nikamvuta kifuani, palepale pa zamani. Amekuwa mrefu mno. Miguu ilibaki nje ya kochi.