Siku Vivinjari Viliposhindana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Umeme aliokota pini. Mama yake alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Pini zilizodondoka jana yake zilijificha kwenye zulia, na kazi ya Umeme ilikuwa kupitisha sumaku juu yake taratibu mpaka zote zinase. Kazi hiyo ilitaka utulivu, na utulivu ndio hasa alioukosa. Alikula haraka, alisema haraka, na mwalimu akiuliza swali, yeye alijibu kabla halijaisha. Ndiyo maana wenzake wakampa msichana huyu jina la Umeme.

"Pole pole, mwanangu," mama alisema huku akitia uzi kwenye sindano. "Pini utakayoiacha wewe ndiyo itakayomchoma mteja wangu."

"Nimemaliza, mama! Leo lazima niwahi. Tunachagua kivinjari!"

"Mnachagua nini tena?"

"Kivinjari, mama. Ni ile programu ya kompyuta inayotufungulia kurasa za intaneti. Bila hiyo, intaneti ipo lakini huioni."

"Haya, mheshimiwa wa kompyuta. Ila kabla hujaenda kuchagua hicho kivinjari, sweta umeivaa nyuma mbele."

Umeme aliigeuza sweta akiwa tayari mlangoni, akatoka mbio.

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya madawati mabovu. Ofisi moja iliyonunua mashine mpya iliipa shule zile za zamani. Zilikuwa nzito, na zikiwashwa zilinguruma kama zinaamshwa bila kupenda. Lakini Umeme hakuisahau siku ya kwanza walipoingia humo. Mwalimu wa kompyuta aliandika neno moja tu, "volkano", akabonyeza kitufe, na mlima ukatokea kwenye skrini ukitema moto mwekundu. Watoto waliokuwa wakigombania viti walisahau viti vyenyewe. Umeme alihisi vinyweleo vikimsimama mikononi. Ulimwengu mzima, aliwaza, unaweza kupita kwenye waya mwembamba kama huu na kuja kukaa stoo kwetu?

Sasa kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Mashine hizo hazikuwa na nafasi kubwa ndani yake, kwa hiyo kila moja ingebaki na kivinjari kimoja tu. Mwalimu aliweka vitatu kwenye kompyuta ya mbele ili wanafunzi wavilinganishe. Fundi wa kompyuta angekuja kesho yake kukiweka kile kilichochaguliwa katika mashine zote, kisha angezifunga ili mtu yeyote asibadilishe kitu mpaka mwisho wa mwaka.

"Msichague kwa sababu kaka zenu wanakitumia, au kwa sababu alama yake inavutia," Mwalimu alikuwa amesema. "Pimeni. Umeme ndiye atakayeongoza upimaji."

Wanafunzi walivibunia vivinjari majina. Chenye alama ya mshale waliita Duma. Chenye alama ya duara la kijani waliita Kobe. Kile ambacho rangi zake zilibadilika kila kinapofunguliwa kikawa Kinyonga. Umeme alimpenda Duma tangu mwanzo. Angewezaje kupenda kingine, mtu mwenye jina kama lake?

Asubuhi hiyo alifika mapema, akakuta Mwalimu anafungua madirisha, akaomba ruhusa ya kuwasha kompyuta ya mbele. Alifungua ukurasa ambao wangeutumia kwenye mashindano, ukurasa unaohusu mwezi. Aliufungua kwa Duma. Picha ilikuja kidogo kidogo, mstari baada ya mstari, na Umeme akasubiri mdomo wazi. Mashimo, milima, mabonde ya vumbi, vyote kwenye kile kitu alichodhani ni taa tu ya angani! Aliutazama mpaka kengele ikalia.

Mashindano yalianza baada ya mapumziko. Mvulana aliyeitwa Mtangazaji alichukua rula, akaishika kama kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, karibuni uwanjani! Kobe anajikuna. Kinyonga hajaamua avae jezi gani. Na Duma, jamani, Duma anatisha!"

Mbele kabisa alikaa msichana mpole mwenye miwani minene, aliyeitwa Profesa. Hata akiwa na miwani hiyo, ilimbidi asogeze uso karibu kabisa na skrini.

"Profesa, unainusa kompyuta?" Mtangazaji alimtania.

"Naam. Inanuka vumbi. Ila kuna harufu nyingine inatoka upande wako, sijaielewa."

Darasa likaangua kicheko, na Mtangazaji akacheka kuliko wote.

Umeme alifungua ukurasa wa mwezi kwa Kobe, wenzake wakahesabu kwa sauti. Wakahesabu, wakahesabu, mpaka wengine wakaanza kupiga miayo. Kinyonga alichelewa zaidi. Kisha ikaja zamu ya Duma. Umeme alibonyeza, na mwezi ukatokea hapo hapo, kabla hata hawajafika mbili.

"Gooo!" Mtangazaji alipiga kelele. "Wengine bado wanatafuta viatu, Duma yuko nyumbani anakunywa maji!"

Profesa aliinua mkono. "Samahani, Umeme. Tunaweza kujaribu kukuza maandishi kidogo? Nataka kuona kama..."

"Leo tunapima kasi, Profesa," Umeme alimkatiza. "Tutaangalia mengine siku nyingine."

Profesa alirudisha mkono mezani. Kura zikapigwa, Duma akashinda, na Umeme akabebwa juu juu kana kwamba ndiye aliyekimbia.

Baada ya masomo alibaki kumsaidia Mwalimu kufagia. Fagio lake lilinasa waya wa intaneti ukachomoka, na taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku cha ukutani ikazimika. Umeme hakuiona. Alitaka kuutazama mwezi mara moja tu kabla ya kwenda nyumbani. Alimfungua Duma, mwezi ukatokea papo hapo. Kisha, kwa hamu ya kujua tu, akaandika "volkano". Duma akamwambia hakuna mtandao.

Umeme alitazama skrini, akatazama waya uliolala sakafuni.

"Mwalimu! Waya umechomoka, lakini mwezi bado upo. Umetoka wapi?"

Mwalimu alitabasamu, akaweka chini kitambaa cha kufutia ubao. "Hilo hata mimi hunishangaza kila nikilifikiria. Ukifungua ukurasa, kivinjari hujiwekea nakala yake ndani ya mashine. Ukirudi tena, hakina haja ya kwenda mbali kuuleta. Kinakuonyesha nakala kiliyojiwekea. Ni kama kina kumbukumbu."

Kompyuta inakumbuka! Kwa muda mfupi Umeme alijawa na furaha ya kugundua jambo kubwa. Kisha furaha ile ikapoa ghafla. Asubuhi alikuwa ameufungua mwezi kwa Duma peke yake. Kobe na Kinyonga walikuwa wakiuona kwa mara ya kwanza.

"Mbona umenyamaza?" Mwalimu aliuliza.

"Hamna kitu, Mwalimu. Nilitaka kujua tu."

Alichomeka waya, akachukua mkoba wake. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe Umeme, alitembea pole pole njia nzima.

Nyumbani alimkuta mama amepiga magoti, futi ya kupimia shingoni, akimpima mteja. Mteja huyo alikuwa ameleta gauni la dada yake.

"Nishonee kama hili hili, fundi. Dada yangu linampendeza sana."

"Gauni zuri, shoga yangu, sibishi," mama alijibu. "Lakini dada yako hayupo hapa. Simama wima nikupime wewe utakayelivaa."

Mteja alipoondoka, Umeme alikaa karibu na cherehani.

"Mama, ukigundua umekosea kipimo, na mteja ameshafurahi, unafanyaje?"

"Kitambaa kimeshakatwa?"

"Bado."

"Basi namwita nimpime upya. Naona aibu, ndiyo. Mteja ananitazama hivi." Mama alikunja uso, Umeme akacheka bila kutaka. "Lakini aibu yangu itaisha siku hiyo hiyo. Gauni la kubana atalivaa mwaka mzima." Akamtazama binti yake vizuri. "Ni kitambaa cha nani hicho, mwanangu?"

"Cha darasa zima," Umeme alisema kwa sauti ndogo.

Kesho yake fundi wa kompyuta alipofika na begi lake, Umeme alikuwa amesimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, naomba kusema. Mashindano ya jana hayakuwa ya haki. Asubuhi niliufungua ukurasa wa mwezi kwa Duma, naye akawa ameweka nakala. Wakati wa mashindano hakukimbia. Alikuwa na mwezi mfukoni. Sikujua, lakini niligundua jana hiyo hiyo jioni, na Mwalimu aliponiuliza sikusema."

Mtangazaji alishusha rula.

"Kumbe Duma alianzia karibu na mstari wa mwisho! Na mimi nimetangaza mpaka koo limekauka! Umeme, unanidai... hapana, mimi nakudai sauti yangu!"

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Msichana mmoja nyuma alisema, "Mwizi wa mbio." Umeme alisikia, masikio yakamchoma, lakini hakuinamisha kichwa.

Mwalimu alimwomba fundi asubiri, kisha akafuta nakala zote zilizokuwa kwenye vivinjari vile vitatu. Mbio zikarudiwa. Safari hii Duma naye alichechemea. Alimpita Kobe kwa pua tu, na Kinyonga akafuata nyuma.

"Bado Duma ameshinda," Mtangazaji alisema. "Basi, yameisha. Fundi, ingia kazini!"

Umeme angeweza kunyamaza hapo. Duma wake alikuwa ameshinda, na kwa haki. Lakini alikumbuka futi shingoni kwa mama, na gauni la mtu asiyekuwepo.

"Bado," alisema. "Jana Profesa aliomba kitu nikamkatiza. Sisi wote tunaona maandishi haya. Yeye je? Naomba ajaribu yeye."

Profesa alikuja mbele, akakaa. Alimfungua Duma, akakuza maandishi mpaka yakamtosha. Maneno yakasukumwa nje ya skrini, na mengine yakapanda juu ya picha. Akamfungua Kinyonga. Picha ilikua, lakini maandishi yakabaki madogo kama sisimizi. Kisha akamfungua Kobe. Maandishi yakakua, mistari ikajikunja yenyewe na kupangika vizuri, hakuna neno lililopotea. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya sikio. Profesa akaibonyeza, na sauti ya utulivu ikaanza kuusoma ukurasa.

Hakuna aliyejua kwamba Kobe anaweza kusema.

Profesa aliendelea kukuza. Mwezi ukatanuka mpaka ukaijaza skrini yote. Akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa shati, akaivaa tena. Kidole chake kikafuata ukingo wa shimo moja kubwa, polepole, kama mtu anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

"Una mashimo," alisema. "Mimi siku zote huona kitu cheupe tu, kama maziwa yaliyomwagika. Kumbe ninyi mnauona hivi kila siku?"

"Hapana," Mtangazaji alijibu. Alikuwa ameisahau rula, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Hata sisi hatuuoni hivi."

Walisogea wote, wakasimama nyuma ya kiti cha Profesa bila kusukumana. Yule msichana aliyesema mwizi alimpisha Umeme nafasi. Hata fundi aliweka begi chini, akaja kutazama. Ile sauti iliendelea kusoma habari za milima ambayo haijawahi kukanyagwa na mtu, na vumbi ambalo halijapulizwa na upepo tangu liwepo. Umeme alihisi vinyweleo vikimsimama tena, kama siku ya volkano. Ila safari hii alikuwa akitazama uso wa Profesa zaidi ya skrini.

Kura zilipopigwa upya, kila mkono ulimchagua Kobe, na mkono wa Umeme ulikuwa wa kwanza kupanda.

Fundi alipoanza kazi yake, Mwalimu aliwaita wanafunzi wakakaa.

"Mmejifunza kulinganisha vivinjari, na hilo ni jambo zuri," alisema. "Lakini nataka mtoke hapa na kubwa zaidi. Kipimo kikiwa na kasoro, jibu lake halifai, hata kama jibu hilo unalipenda. Ukijua umekosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawa mzigo wa mwenzako. Na kabla ya kusema kitu fulani ni bora, uliza kwanza ni bora kwa nani. Umeme, jana uliongoza kwa kasi. Leo umeongoza kwa ukweli. Mimi naichagua leo."

Walipotoka jioni, mwezi ulikuwa umeshatokea, mweupe, juu ya paa la shule. Profesa alisimama, akaukazia macho.

"Naona maziwa tu," alisema, akacheka. "Lakini sasa najua kuna milima."

Umeme alimshika mkono, wakatembea pamoja kuelekea nyumbani, pole pole.