Njia Anayoiweza Basma

Alhamisi, saa kumi na moja kasorobo jioni, mtoto wa miaka sita alianguka chali ndani ya duka la vifaa vya kambi, Bidbid, Oman, akashindwa kuinuka. Alikuwa amejivika shanta ya mgongoni ya mtu mzima, ya kijani, iliyompita kichwa. Miguu ikawa inapiga hewa. Wateja walimkwepa wakaendelea na shughuli zao, maana kila Alhamisi jioni duka hilo la njia panda hujaa watu wa Maskati wanaokwenda Sur, Ibra na Nizwa, na kila mmoja anagombania mkaa na barafu.

"Samahani, dada," alisema mwanamume aliyechuchumaa kando ya mtoto. "Huyu kobe ni wako?"

Shukriya aligeuka, hema likiwa mkononi. Alimwona mtu mrefu, mwembamba, amevaa dishdasha, kanzu ya Kiomani, ya kahawia iliyopigwa pasi vizuri, na chini yake viatu vizito vya kupandia milima vilivyojaa vumbi.

"Wangu. Na wewe nani, daktari wa kobe?"

"Mhandisi wa barabara, Ibra. Naitwa Nasr. Ila kobe wa shanta nawajua, kila wiki natembeza watoto milimani." Alifungua mikanda, akamsimamisha Basma. "Hilo hema mnakwenda nalo wapi?"

"Jabal Shams. Tutembee ukingoni, tulale huko juu. Nimeona picha."

"Basi umekosea."

Shukriya alikuwa mwalimu wa hesabu. Mara nyingi yeye ndiye aliyewaambia watu neno hilo.

"Nimekosea nini?"

"Ukingo ule una genge chini yake, na mtoto hutembea huku anatazama nyuma. Usiku kuna baridi, na ukitaka kurudi katikati huna pa kutokea. Njia ya mtoto haipimwi kwa kilomita, dada. Inapimwa kwa vitu."

"Vitu gani?"

"Mfereji. Punda. Ukuta wa kupanda. Akipata kitu kipya kila baada ya muda mfupi, atafika. Akikosa, utambeba yeye, shanta yake na yako."

Basma alimshika dishdasha. "Ami, kuna njia yenye punda?"

"Ipo. Nimpe mama yako namba yangu?"

"Mpe," alisema Basma, kabla mama yake hajafungua mdomo.

Hema lilirudishwa rafuni. Walinunua shanta ndogo ya mtoto, nyekundu, na Nasr akaonya kwamba ndani yake viingie maji, koti na kitu kimoja tu cha kuchezea.

Shukriya alikuwa mjane wa miaka thelathini na mbili. Aliishi Fanja na mama yake, Bi Tahira, aliyeondoka Unguja akiwa msichana mwaka sitini na nne, na mdogo wake Shurooq, ambaye alikuwa hajaposwa. Marehemu mumewe alikuwa mtoto wa ami yake. Basma alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao chembe nyekundu hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali. Baridi huuchochea, na kiu, na uchovu. Nje ya nyumba ile hakuna aliyeambiwa. Bi Tahira aliamua hivyo siku majibu yalipotoka: habari ikitoka, hakuna atakayemposa Shurooq, wala Basma mwenyewe akikua. Kila asubuhi mtoto alimeza dawa yake, na akiwapo mgeni iliitwa vitamini.

Njia ya punda ilikuwa kwenye mashamba ya mitende ya Fanja, chini ya mtaa wa kale. Shurooq alifuatana nao, kama ilivyostahili. Basma alitembea mbele, kwa sharti la Nasr kwamba mdogo ndiye anayeweka mwendo, na alipokuwa bado anataka kuendelea, Nasr akasema warudi.

"Mbona mapema?" aliuliza Shukriya.

"Ili kesho adai tena."

Nasr alipiga simu baada ya magharibi, na siku iliyofuata, na zilizofuata.

"Unafanya nini, mwalimu?"

"Nasahihisha. Nusu ya darasa hawajui kugawanya."

"Niwaletee mkate wa ufuta, wataelewa. Wikiendi hii nimecheki hali ya hewa, plani yangu ni Ibra."

"Kiswahili chako kimepita Bujumbura kikapotelea huko," alisema Shukriya, maana watu wa Nasr walitokea Bujumbura.

"Chenu kilihifadhiwa kwenye makopo, habibti, ndiyo maana hakijaoza."

Shukriya alicheka mpaka Bi Tahira akatokeza kichwa mlangoni. Neno habibti, mpenzi wangu, lilikuwa limetoka mara ya kwanza, na hakuna kati yao aliyeligusa.

Ibra walitembea kwenye mtaa wa magofu. Shukriya alivaa abaya la rangi ya zambarau iliyoiva na viatu vya michezo vyeupe. Nasr alimtazama, akasahau alikuwa akieleza nini kuhusu kuta. Shurooq akabaki nyuma kupiga picha nyingi kuliko zilizohitajika.

"Mbona hujaoa?" aliuliza Shukriya.

"Nilichumbia. Tukapima damu kabla ya ndoa, sote wawili tukakutwa tunabeba selimundu. Harusi ikavunjika."

Hesabu hiyo Shukriya aliijua kuliko nyingine zote. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mbele yao Basma alikuwa akichungulia kwenye dirisha lisilo na chumba nyuma yake. Shukriya alinyamaza, na Nasr akadhani anamwonea huruma.

Mwezi Januari Nasr alipanga safari ya kwanza ya kulala nje, Misfat al Abriyeen. Alimpigia simu kwanza.

"Nimeacha njia inayopanda mlimani. Tutafuata mfereji ndani ya mashamba, tutalala kwenye nyumba ya wageni, gari liko karibu. Sasa nijibu kama mwalimu. Basma ana maradhi yoyote? Pumu, moyo, mzio, chochote?"

Bi Tahira alikuwa amekaa pale pale, akichambua mchele.

"Hana," alisema Shukriya.

"Hata kidogo?"

"Mzima, Nasr. Mbona unauliza kama polisi?"

"Kwa sababu nachagua kwa ninachoambiwa, roho yangu. Sina njia nyingine ya kuchagua."

Walifika Misfat saa nane mchana. Basma alibeba shanta yake nyekundu tangu maegeshoni, akashuka ngazi zote za mawe bila kushikwa. Penye birika la mfereji watoto wa kijiji walikuwa wakiruka majini. Jua lilikuwa limeanza kuliacha bonde na upepo umebadilika.

"Mama, niingie?"

"Kina kinamfika kifuani, nimepima," alisema Nasr. "Niko ukingoni hapa."

Kumkatalia kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Shurooq alimtazama dada yake. Shukriya aliiangalia saa, akajiambia dakika chache hazitaleta madhara.

"Ingia. Usikawie."

Basma alikawia. Alipotoka midomo ilikuwa imegeuka rangi. Walimfunga taulo na koti, wakampa chai ya maziwa. Kabla ya adhana ya magharibi alianza kusema mguu unamuuma, kisha miguu yote, kisha mgongo, kisha akaacha kusema akawa analia. Nasr alimbeba akapanda naye ngazi zile zile mpaka garini.

Hospitalini Nizwa daktari aliuliza maswali yake haraka. Nasr alikuwa amesimama hapo, dishdasha imelowa begani pale mtoto alipolilia.

"Anatumia dawa gani?"

Shukriya aliitaja kwa jina lake.

"Kwa hiyo ana selimundu. Mnajua tangu lini?"

"Tangu mchanga."

Nasr alikaa kwenye ukumbi mpaka Basma alipowekewa maji na dawa ya maumivu, akalala. Ndipo akamwita Shukriya kando.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Zipo njia za mtoto mwenye selimundu, Shukriya. Ningeiacha Misfat. Ningeacha maji. Mimi nimemsimamia mtoto akiingia kwenye baridi, nikampigia makofi."

"Ungetuacha sisi. Ulivunja harusi kwa damu hiyo hiyo."

"Nani kakwambia niliivunja mimi? Nilitaka tuoane, tuzungumze na madaktari. Wazee wa yule msichana walimfungia mlango. Hukuniuliza."

"Nasr..."

"Siwezi kutembea na mtu ambaye neno lake siwezi kulikanyaga kama ardhi imara," alisema, akaondoka kumrudisha Shurooq Fanja.

Basma alilazwa siku kadhaa akapona. Simu ya baada ya magharibi haikulia. Nyumbani Bi Tahira alisema ni kheri yamekwisha kabla hayajawa makubwa.

"Angekwenda kututangaza. Mdogo wako je?"

"Mama, wataniposa au hawataniposa," alijibu Shurooq kutoka jikoni. "Msinifanye kisingizio. Basma alikuwa anapiga kelele ndani ya gari. Mimi ndiye niliyemshika."

Ramadhani ilipokuwa inakaribia, Shukriya alimpeleka Basma kliniki, akamuuliza daktari wa damu maswali aliyoyaepuka miaka yote: mtoto anaweza kutembea kiasi gani, wapi, katika joto gani. Kisha akampigia Nasr.

"Sikupigii kuomba msamaha, ingawa naomba. Napiga kwa ajili ya Basma. Anadai njia."

Nasr akasema, "Nieleze."

Alimweleza yote: kiwango cha damu, mara alizolazwa, dalili za kwanza za maumivu, kwamba mlima mrefu haufai, baridi haifai, maji ya kuogelea hayafai, maji ya kunywa lazima kila mara na mapumziko kabla hajayaomba. Na mwisho akasema, "Mimi pia nabeba. Nilijua tangu zamani; pale Ibra, uliponieleza, nikanyamaza."

"Hilo nililipiga hesabu hospitalini."

"Basi?"

"Basi tutakwenda Sur. Njia ya ufukweni, tambarare, saa tatu asubuhi jua likiwa limepasha mchanga. Gari litatufuata barabarani, Shurooq aliendeshe. Akichoka, hatua kumi yuko ndani."

Walikwenda Sur. Basma aliokota makombe mpaka shanta nyekundu ikakataa kufungika. Alipotaka kuendelea, Nasr akageuza msafara, na mtoto akamlaumu njia nzima mpaka garini.

"Nataka mama yangu aje Fanja kukuposa," alisema Nasr, akimwangalia Shukriya na si bahari. "Lakini mimi sitamwambia habari ya Basma. Wala yako. Hiyo ni yenu, na msemaji ni wewe."

"Na akikataa?"

"Atakuwa amekataa kitu anachokijua."

Bi Fawziya, mama yake Nasr, alifika Ijumaa moja kabla ya Ramadhani, baada ya alasiri, amevaa abaya jeusi la tarizi ya fedha, peke yake na dereva. Bi Tahira alikuwa ameshamshika Shukriya mkono jikoni.

"Leo usiseme kitu, mwanangu, nakuomba. Mkishaoana watajua wenyewe."

"Shikamoo, khala," Shukriya alimwamkia mgeni kama mama mdogo, akaketi mkabala naye na birika la kahawa. Wakala halwa. Wakaulizana hali za watu wa Unguja na wa Bujumbura, walio hai na waliokufa.

"Na mtoto hajambo?" aliuliza Bi Fawziya.

"Hajambo, alhamdulillahi," alisema Bi Tahira. "Mzima wa afya."

"Leo hajambo," alisema Shukriya. "Lakini ana selimundu, khala. Kazaliwa nayo. Na mimi naibeba, kama Nasr."

Bi Tahira alifumba macho. Kutoka uani ilisikika sauti ya Basma akimwamuru Shurooq atembee nyuma yake.

"Nasr anajua?"

"Anajua. Alitaka uisikie kwangu."

"Na wajukuu?"

"Sijui. Tutamwona daktari wa vinasaba kabla ya lolote. Huenda tusizae."

"Unakuja kuniambia huenda nisipate mjukuu kwa mwanangu wa pekee."

"Nakwambia huenda usipate zaidi ya Basma."

Bi Tahira aliita jina la Shukriya kwa sauti ndogo, akakatiza. Kikombe cha mgeni kilikuwa kitupu. Kwa desturi ya huku mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha, na baada ya hapo hutafuta viatu vyake.

Bi Fawziya alikaa nacho mkononi kwa muda, akitazama mlango wa uani. Kisha akakinyoosha bila kukitikisa.

Shukriya akamimina.