Poire Kwenye Msumari

King'ora cha kiwanda kilipolia asubuhi, baba alikuwa ameshapanda baiskeli yake kwenda kazini. Eugénie alifagia uwanja, akachota maji, kisha akawaosha wadogo zake, Casimir na Colette. Casimir alikuwa mtundu wa kupindukia. Kutwa alichezea udongo, na mapera aliyaokota chini akayala vivyo hivyo.

Siku hiyo alitoka chooni macho yamemtoka pima.

"Yaya," alimwambia dada yake, "munyoo imetoka, murefu! Usiambie mama. Ataleta poire."

Poire ilikuwa mpira mwekundu wa kumtilia mtoto maji ya pilipili kwa nyuma, nayo ilitundikwa jikoni kwenye msumari. Pale mtaani kila tumbo lilitibiwa hivyo. Eugénie mwenyewe aliiogopa kama moto. Akamwonea mdogo wake huruma, akafunga mdomo.

Juma halikuisha, tumbo la Casimir likavimba. Akakosa choo, akatapika maji ya kijani.

"Tumbo yake imefunga tu," mama alisema. "Leta poire!"

Eugénie akaileta, na bado hakumwambia mama habari ya mnyoo. Mama akamtilia maji yale, Casimir akalia mpaka sauti ikamkauka, na tumbo halikufunguka. Ndipo wakamkimbiza hospitali.

Germain, muuguzi mzee, alilipapasa tumbo, uso ukamsawijika. "Mama, minyoo ilikuwa inatoka?"

"Hapana."

"Ilitoka," Eugénie akasema, akaangua kilio. "Alinikataza kusema."

Daktari akampasua. Minyoo ilikuwa imejisokota donge zima, imeziba utumbo, na utumbo umeshaoza. Jua lilipozama Casimir hakuwapo tena.

Baada ya mazishi Germain alikuja kuwapa pole.

"Minyoo iko na dawa," alisema. "Mutoto akitoa munyoo, mumulete siku ile ile. Tumbo ikivimba na choo ikikosa, musimutie kitu, mukimbie hospitali. Munawe mikono, muoshe matunda. Na weye, Eugénie, ugonjwa ya mutoto haiko siri."

Mama akaitoa poire msumarini, akaitupa chooni. Hilo halikumrudisha mtoto wake, na alijua.

Mwezi uliofuata Colette akamvuta Eugénie sketi, akamnong'oneza, "Yaya, tumbo inaniuma. Usiambie..."

Eugénie hakungoja amalize.

"Mama!" akaita, mtaa mzima ukasikia.