Mstari Mwekundu wa Redio Mwangwi

Maiti ilikuwa kompyuta. Ilikaa mezani katika studio ya Redio Mwangwi, mtaa wa Kasenga, ikinuka plastiki iliyoungua. Ndani yake ziliteketea nyimbo, mahubiri na sauti za wazee wa bonde la Ruzizi, maana redio nzima ilikuwa na kompyuta hiyo moja tu.

Inspekta Apolline Ninahazwe wa polisi ya Uvira alivaa glavu. Alikwisha kuchunguza maiti nyingi, ila hii ilikuwa ya kwanza isiyo na shangazi anayelia mlangoni.

Mkurugenzi wa redio, Octave Ngendakumana, hakungoja kuulizwa. Muuaji, alisema, yuko mahabusu tayari: fundi wake, Libérat Irakoze. Kijana huyo alichomeka flashi na kuwasha programu ya ajabu bila ruhusa. Yeye Octave alifika Jumapili baada ya misa, akakuta mashine imeshakufa, akaita polisi.

"Hiyo programu iko namna gani?"

"Ya uchawi, Mama Inspekta. Dirisha moja hivi, mustari mwekundu unarukaruka kama panzi."

Apolline aliliweka neno hilo kichwani, akaenda mahabusu.

Libérat alikuwa amekalia bidoni, dumu tupu la maji. Jela haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni wazee wa Lemera. Kesho yake wangeshuka kuleta jibu la posa yake kwa binti yao, Jolie. Wakimkuta mkwe nyuma ya nondo, wangegeuza njia, na jibu lao wangerudi nalo mlimani. Na asubuhi hiyohiyo faili lake lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka.

"Uliiua?"

"Minye? Mama, minye nilikuwa muuguzi wake."

Akaeleza. Mashine ilikuwa imechoka, ikikwama hewani. Siku moja ilikwama katikati ya tangazo la kifo, kabla ya jina la marehemu, na familia kadhaa za Kasenga zikaanza kulia kwa tahadhari. Libérat alimwomba mkurugenzi neno la siri la msimamizi wa mfumo, atafute ugonjwa. Octave alikataa, neno lile alilikalia kama mwami na kiti chake cha utawala. Basi kijana akatafuta programu ya kufuatilia utendaji wa mashine isiyohitaji haki za msimamizi. Inafanya kazi kutoka kwenye flashi, haisakinishwi, inafungua dirisha tu na kuonyesha prosesa inavyohangaika, kumbukumbu ilivyojaa, joto lilivyopanda.

"Inaweza kufuta faili? Kusimamisha feni?"

"Hapana. Bila haki za musimamizi haigusi kitu, iko inaangalia tu. Ni kipimajoto, mama. Kipimajoto kiliua mugonjwa gani?"

"Na mstari mwekundu?"

"Kwa kawaida uko kijani. Ukiuona mwekundu, ujue mashine iko karibu kukata roho."

"Jumamosi ulipotoka, ulikuwaje?"

"Nilikuwa nimeiwasha siku hiyo tu. Niliuacha kijani kama majani ya sombe."

Apolline alirudi studio, akaigeuza maiti. Kwenye matundu ya nyuma ya kupitishia hewa palikuwa na nyuzi nyeupe zilizoyeyuka. Juu, kwenye vumbi, lilichapwa ua. Ua lile hakuna asiyelijua Uvira: sebule yenye heshima haiachi televisheni wala kiti bila kitambaa cha kufuma. Akaingia ofisini kwa mkurugenzi. Viti vya wageni vyote vilikuwa vimevaa. Kiti cha mkurugenzi peke yake kilikuwa uchi.

Concilie, mama wa mapokezi aliyevifuma vitambaa hivyo, alisema Jumamosi kile cha patron, yaani bosi wake, kilikuwa mahali pake. Patron mwenyewe ndiye aliyemruhusu arudi nyumbani mapema, ukarimu ambao hakuwa amewahi kumwona nao. Libérat alikuwa ameshaondoka. Patron alibaki peke yake.

Apolline alimketisha Octave kwenye kile kiti kisicho na nguo.

"Ulipofika Jumapili, kioo kilikuwa kinawaka?"

"Nimeshasema. Kilikuwa cheusi. Mashine ilikuwa imekufa."

"Basi mstari unaorukaruka uliuona wapi?"

Octave aliuvuta mkoba wake karibu zaidi.

"Maiti hairukiruki, baba. Na kijana aliuacha mstari kijani. Weye uliuona mwekundu. Ulikuwapo mashine ikikata roho. Kitambaa cha kiti kiko wapi?"

Kilitoka kwenye mkoba wake, kimekunjwa vizuri, kimeungua katikati. Alishindwa kukitupa, na kukirudisha kitini Concilie angeuliza.

Kisha akasema yote. Miaka na miaka alikuwa kwenye chorale, kwaya ya parokia, mstari wa nyuma, na hakuna siku aliyopewa kuimba peke yake. Alitaka kujirekodi, ampelekee mwalimu wa chorale, amnyamazishe. Lakini feni ya mashine ilikuwa inanguruma kwenye mikrofoni. Akaifunika kwa kitambaa, akakikunja mara mbili nyuma, palepale penye matundu.

"Nikianza kurekodi, mustari unapanda. Nikisimamisha, unashuka. Nikasema, huyu kijana ameniwekea sikio. Kesho Kasenga yote itacheka."

"Kwa hiyo ukafanya nini?"

"Nikakaza kitambaa. Isisikie."

Apolline alikikunjua kile kitambaa mezani.

"Haikuwa inakusikiliza. Kurekodi kuliitoa jasho, na weye ukaivalisha koti. Ilikuwa inakuomba hewa. Mstari ulipokuwa mwekundu, mbona hukuizima?"

"Nilikuwa nimefika kwa kiitikio cha mwisho."

"Na mtoto wa watu ukamfunga."

"Muntu akicheka kwamba nimeunguza mashine, nitapona, mama. Akicheka sauti yangu, sitapona."

Basi walibadilishana: Octave akakalia bidoni, Libérat akatolewa. Libérat alirudishiwa flashi yake, akapanda pikipiki bila hata kufunga viatu. Wazee wa Lemera walipofika walimkuta nyumbani, shati limepigwa pasi. Walipouliza kama ni kweli alilala mahabusu, alijibu kuwa ndiyo, ila nafasi alimwachia patron wake. Wazee walicheka, ndipo wakatoa jibu. Lilikuwa ndiyo.

Na kule mahabusu Octave, asiye na siri tena ya kulinda, aliimba. Aliimba wimbo wote, pamoja na kile kiitikio cha mwisho. Gracien, polisi wa zamu, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kugonga mlango wa Apolline.

"Mama Inspekta, mumuhukumu kwa ile mashine tu. Kwa sauti, chorale ilishamuhukumu."